Uliza Tujibu: Kitabu cha maadili kabatini, tageti mezani

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu, kwamba kampuni nyingi za kimataifa zikiingia kwenye nchi zinazoendelea huwa zinaacha nusu ya maadili yao uwanja wa ndege. Basi barua zikamiminika, zingine za kunipongeza, zingine za kunitukana (moja imenitukana kwa ufasaha sana, nimeihifadhi). Nimechagua tano. Majina ya watu na ya kampuni zao nimeyatoa maana wengi bado wanakula mshahara hukohuko.

Swali: Habari mhariri. Mimi niko idara ya manunuzi na usafirishaji kwenye kampuni ya nje, mwaka wa sita sasa. Kila mwaka tunafanyishwa kozi ya maadili kwenye kompyuta, unabofyabofya, unapata cheti, imeisha. Lakini mzigo ukikwama bandarini bosi anasema "maliza unavyojua". Siku hizi amewekwa wakala, kila kitu kinapitia kwake, invoisi yake imeandikwa "huduma za ushauri" na mimi ndo nasaini kwamba huduma imepokelewa. Huo ushauri wenyewe sijawahi kuuona hata karatasi moja. Likibumburuka kampuni itanitetea au ndo nitatolewa kafara?

Jibu: Ndugu yangu, jibu liko kwenye neno lako mwenyewe, "nasaini". Bosi hajasaini, kasema tu maliza unavyojua, na maneno hayana alama ya kidole.

Huyo wakala wa ushauri usiouona si uvumbuzi wa bosi wako, ni njia ya zamani kabisa. Siemens ya Ujerumani ilitumia sana mikataba ya "ushauri" ya namna hiyo kupitisha hongo kwenye nchi kibao, mpaka mwaka 2008 ikakubali kulipa kama dola bilioni 1.6 kwa Marekani na Ujerumani. Na usishangae walizoea vipi, maana hadi 1999 sheria ya kodi ya Ujerumani yenyewe iliruhusu kampuni kuhesabu hongo ya nje kama gharama ya biashara, yaani unampa mtu wa nchi nyingine chai halafu unapunguziwa kodi nyumbani! Sheria ikabadilika, mazoea yakabaki. Glencore, kampuni ya Uswisi ya kuuza madini na mafuta, nayo mwaka 2022 ilikiri makosa ya rushwa na ya kuchezea bei na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa Marekani peke yake, Uingereza nako ikapigwa faini yake, na humo kwenye kesi kuna habari za pesa taslimu kusafirishwa kwa ndege binafsi na mawakala wa katikati wakigawa Nigeria, Kameruni, Côte d'Ivoire na kwingine.

Sasa kwa nini wakala? Kwa sababu bosi wa hedofisi anataka aweze kusema "sisi hatukumpa mtu kitu". Kisheria hilo halimsaidii sana siku hizi. Sheria ya Marekani ya 1977 inayokataza kuhonga maofisa wa nchi za nje inagusa pia malipo yanayopitia kwa mtu wa tatu, na sheria ya Uingereza ya 2010 imeenda mbali zaidi, kampuni inakuwa na kosa hata kwa kushindwa tu kumzuia mtu anayefanya kazi kwa niaba yake asihonge. Kuna kamtego kengine hapa, sheria ya Marekani inaacha upenyo kwa vile vimalipo vidogo vya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisi, ya Uingereza haiachi, na sheria za nchi nyingi ambako hizo hela zinatolewa haziachi pia, kwa hiyo mzungu wako anaweza kuwa salama kwao kwa kitu ambacho wewe hapo ulipo kinakupeleka mahakamani.

Lakini hujaniuliza ya kampuni, umeuliza ya kwako. Kampuni haina mwili wa kulazwa sero. Ikikamatwa inakaa mezani na waendesha mashtaka, inalipa, inatoa taarifa kwamba "kuna wafanyakazi wachache waliokiuka utaratibu wetu", na cheti chako cha ile kozi ya kubofyabofya kinatolewa kama ushahidi kwamba ulifundishwa ukakaidi. Ndo kazi yake hicho cheti, ulidhani ni cha kutundika ukutani?

Kwa hiyo fanya hivi. Invoisi ijayo usisaini, mwandikie bosi imeili fupi ya heshima kabisa, "naomba ripoti ya kazi aliyofanya wakala ili niambatanishe". Usituhumu mtu. Akikujibu kwa simu, mrudishie kwa imeili, "kama tulivyoongea, umeelekeza nisaini bila ripoti". Utashangaa jinsi maelekezo yanavyokufa yakishawekwa kwenye maandishi. Ile namba ya siri ya kuripoti, kabla ya kuipiga ulizia kwanza inaishia wapi, kama inaishia kwa meneja wenu hapohapo basi si ya siri. Na tafuta wakili wako mwenyewe, yule wa kampuni hata akiwa mcheshi vipi ni wa kampuni.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa biashara, mwaka wa pili. Mwalimu katufundisha kwamba kampuni inafuata sheria za nchi ilipo, kwa hiyo sheria zikiwa legelege hilo ni kosa la serikali, kampuni haina kosa. Nilibisha darasani nikashindwa kujieleza. Nisaidie.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ulibisha vizuri, ulikosa mfano tu, na mfano wenyewe una miaka arobaini na ushee.

Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide India, ambacho kampuni mama ya Marekani ilikuwa inamiliki asilimia 50.9. Maji yaliingia kwenye tanki la kemikali inaitwa methili isosayaneti, ikachemka, na kama tani 40 za gesi zikatoka kuelekea kwenye makazi ya watu masikini waliolala. Serikali ilihesabu zaidi ya 3,700 waliokufa mwanzoni, na waliokufa taratibu miaka iliyofuata ni wengi zaidi, na hesabu yake inagombaniwa mpaka leo.

Sasa sikiliza hapa ndo pa kumbana mwalimu. Kiwanda kile kilikuwa na mtambo wa kupooza lile tanki, ulizimwa miezi kadhaa kabla. Kulikuwa na mtambo wa kusafisha gesi, haukuwa tayari. Kulikuwa na mnara wa kuchomea gesi inayovuja, bomba lake lilikuwa limeondolewa kwa matengenezo. Biashara ilikuwa mbaya, wafanyakazi walipunguzwa, gharama zikabanwa. Na mwaka 1982 wakaguzi kutoka kampuni mama, si wa serikali ya India, walipita pale wakaandika kasoro za usalama. Hivyo vifaa vyote viliwekwa kwa sababu waliojenga walijua ile kemikali ni nini. Kujua hakusubiri sheria ya nchi. Sheria legelege inaweza kukufanya usishtakiwe, haiwezi kukufanya usijue.

Halafu angalia kilichofuata. Waathirika walijaribu kushtaki Marekani, kampuni ikapinga ikisema mahakama za India zinatosha kabisa, jaji wa New York akakubali 1986, kesi ikarudi. Mwaka 1989 ikamalizwa kwa dola milioni 470. Mkuu wa kampuni mama, Warren Anderson, alikwenda India siku chache baada ya ajali, akakamatwa, akapewa dhamana, akaondoka na hakurudi kujibu kesi mpaka alipokufa 2014. Waliohukumiwa, mwaka 2010, ni mameneja Wahindi, miaka miwili kila mmoja. Zaidi ya miaka ishirini na mitano baada ya ajali! Gawio la faida lilikuwa linapanda juu kwa kampuni mama bila shida yoyote ya kisheria, lakini lawama ilipotaka kupanda ngazi ileile ikaambiwa huko juu hakuna njia.

Na kama mwalimu atasema hayo ya zamani, mtajie meli ya Probo Koala. Mwaka 2006, ilikuwa imekodiwa na Trafigura, kampuni ya kuuza mafuta, ilitaka kushusha mabaki machafu ya mafuta Amsterdam. Kampuni ya kusafisha pale ikasikia harufu, ikapima, ikasema kazi hii bei yake ni kubwa mno kuliko tulivyokubaliana. Mzigo ukarudishwa melini. Agosti ukashushwa Abidjan, Côte d'Ivoire, na kampuni ndogo ya pale iliyokuwa na leseni mbichi, kwa kahela kadogo ukilinganisha na kale walikokataa kulipa Uholanzi, na ikaenda kuumwaga sehemu mbalimbali za jiji usiku. Watu maelfu kwa maelfu walijaa hospitali. Kampuni ilikana kwamba taka zile zingeweza kuua, ila 2007 iliilipa serikali kama dola milioni 198, na 2009 ikakubali kuwalipa walalamikaji kama 30,000 pauni milioni 30 kwenye kesi ya London. Muulize mwalimu wako hivi tu, ile harufu ilibadilika njiani au bei ndo ilibadilika?

Swali: Nyie waandishi kazi yenu kulaumu wazungu. Mimi ni mfanyabiashara, nasema ukweli, shida ni sisi wenyewe. Leseni moja ofisi tisa, kila meza ina mkono. Kampuni inayokuja inafuata mazingira iliyoyakuta. Na mkizidi kuzibana zitaondoka tubaki tunaangaliana. Lile jengo la Bangladesh lililoua wafanyakazi wa viwanda vya nguo, mwenye jengo alikuwa mzungu?

Jibu: Hapana kaka, hakuwa mzungu. Na barua yako nimeipenda kuliko zile za pongezi.

Rana Plaza, mwenye jengo alikuwa Mbangladeshi, wenye viwanda Wabangladeshi, ghorofa za juu ziliongezwa kinyume cha vibali na hakuna aliyemzuia. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zikaonekana. Benki iliyokuwa humohumo ikawaambia wafanyakazi wake wasije kesho. Wa viwanda vya nguo wakaambiwa waje, wengine kwa kutishiwa mishahara yao, na kesho yake jengo likashuka, watu 1,134 wakafa. Kwa hiyo mkono wa kwanza ulikuwa wa hukohuko, nakubali bila kukuzungusha.

Ila jiulize kwa nini benki iliweza kufunga siku moja na kiwanda kisiweze. Kiwanda kilikuwa na oda ya brandi ya nje, ina tarehe, ukichelewa unakatwa au unapandisha mzigo kwenye ndege kwa hela yako, na bei ya kipande imeshabanwa mpaka hakuna pa kupumulia. Brandi zenyewe zilikuwa na vitabu vya maadili, na wakaguzi walishaingia kwenye baadhi ya viwanda vya lile jengo, ila nguzo na kuta hazikuwa kwenye orodha yao ya kukagua. Ukaguzi wa namna ile unamlinda nani kama si jina la anayeulipia?

Hilo la "wataondoka" nalo limeshajaribiwa palepale. Baada ya Rana Plaza vyama vya wafanyakazi vilizibana brandi zikasaini makubaliano yenye nguvu ya kisheria ya usalama wa majengo na moto, zaidi ya brandi 200, viwanda kama 1,600 vikakaguliwa na wahandisi wa kweli, matokeo yakawekwa hadharani. Wakahama? Bangladesh bado ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani. Mwekezaji anaondoka kukiwa hakuna faida, kubanwa kwenye usalama ni gharama anayoijua toka kwao.

Ofisi tisa sasa. Hapo uko sahihi na nusu. Kila muhuri wa ziada ni kizuizi cha barabarani, na serikali inayoweka mihuri tisa isijifanye kushangaa. Lakini usidhani mkubwa anateseka kwenye ukungu huo sawa na wewe. Wewe ofisi ya nne tu imekumaliza mtaji. Yeye ana wakili, ana wakala, ana mtu wa kukaa foleni mwezi mzima, na ukungu unampunguzia washindani. Nimeshaona mabosi wanalalamika rushwa kwenye semina asubuhi halafu jioni wanaomba kukutanishwa na "mtu anayeelewa mambo". Mazingira mabovu wengine wameyakuta, wengine wanayamwagilia maji.

Na wa kwetu wala usiwasahau, hata kwenye zile fidia za Abidjan kuna mamilioni yalipotelea kwa watu wa hukohuko waliojifanya wawakilishi wa waathirika. Nani kakwambia nawatetea?

Ila kuna nchi iliwahi kushika ncha zote mbili, na ni ndogo kweli, Lesotho. Kwenye mradi wa maji wa milimani, mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya mradi, Masupha Sole, alikutwa amepokea hongo kupitia akaunti za Uswisi, mwaka 2002 akahukumiwa miaka 18, rufani ikapunguza hadi 15. Hawakuishia kwa mtu wao kama kawaida. Wakaishtaki kampuni ya uhandisi ya Acres ya Kanada kwa kutoa hongo ikatiwa hatiani mwaka huohuo, wakaishtaki Lahmeyer ya Ujerumani nayo ikatiwa hatiani, na Benki ya Dunia ikazifungia zote mbili tenda zake, Acres 2004, Lahmeyer 2006. Na utetezi wa Acres ulikuwa nini? Kwamba sisi tulimlipa wakala tu, alichofanya na hela hatujui. Msomaji wangu wa manunuzi hapo juu, unasikia?

Swali: Fupi tu. Kampuni yetu inaandika hasara kila mwaka, na kila mwaka inafungua tawi jipya. Inawezekanaje? Mimi niko uhasibu lakini mahesabu ya mwisho yanafanyikia nje.

Jibu: Fupi pia. Inawezekana kihalali, miaka ya mwanzo mtu amemwaga mtaji mkubwa mahesabu yanakatwa uchakavu wa mitambo na riba ya mikopo, hasara inakuja yenyewe. Lakini ikiwa mwaka wa kumi na bado, angalia mistari mitatu. Malipo ya "huduma za menejimenti" na ya kutumia jina, yanaenda kampuni dada gani na iko nchi gani. Mkopo, nani katukopesha na kwa riba gani, mara nyingi ni ndugu yetu mwenyewe. Na bidhaa tunamuuzia nani kwanza, kwa bei gani. Huo wa tatu ndo ulioifikisha Mopani Copper Mines ya Zambia mahakamani, ilikuwa inamuuzia shaba mmiliki wake mkuu wa wakati huo, Glencore, kwa bei ambayo mamlaka ya kodi ilisema iko chini ya soko, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya nchi ikaipa mamlaka ushindi, kampuni ikatakiwa kulipa kwacha milioni 240. Kodi zenyewe zilikuwa za zaidi ya miaka kumi nyuma, na kushinda kulihitaji wakaguzi wanaojua bei ya shaba inavyopangwa duniani, na watu wa aina hiyo nchi nyingi hazina, au wakipatikana wanachukuliwa na kampuni kwa mshahara mara tano.

Swali: Mwanangu mhariri, nakuandikia kupitia kwa mjukuu wangu. Tunaishi chini ya mgodi. Mto umebadilika rangi, mazao yamekauka, samaki hakuna. Tukienda kwa kampuni wanasema nendeni mahakamani. Tukisema tutamshtaki mwenye kampuni huko ng'ambo wanatucheka, wanasema yule ni mwenye hisa tu, hahusiki na ya hapa. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Waliocheka wamechelewa habari.

Wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, walioishi kama nyie jirani na mgodi wa shaba wa Nchanga wa kampuni ya Konkola Copper Mines, waliishtaki kampuni mama, Vedanta, kulekule London iliko ofisi yake. Vedanta ikasema hayohayo, sisi wenye hisa tu, na kesi iende Zambia. Ikabishaniwa hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 10 Aprili 2019 majaji wakasema kesi inaweza kusikilizwa pale, moja ya sababu ikiwa wanakijiji hawa hawana hela za mawakili wa kesi kubwa kama ile wakiachwa kwao. Februari 2021 mahakama hiyohiyo ikasema kitu cha namna hiyo kwa jamii mbili za Delta ya Niger, Nigeria, dhidi ya Shell. Na wiki chache kabla, mahakama ya rufaa ya The Hague, Uholanzi, ilishaamua Shell Nigeria iwajibike kwa mafuta yaliyomwagikia mashamba ya wanakijiji.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Watu wa Bodo, Nigeria, mafuta yaliwamwagikia 2008, wakalipwa 2015, pauni milioni 55 kwa makubaliano nje ya mahakama. Miaka saba, na mto hausafishwi na hundi. Ile ya Vedanta nayo ilimalizwa kwa makubaliano, kampuni haikukiri kosa.

Lakini nikuambie kitu kilichowauma Vedanta ni nini, maana kinakuhusu. Ni majigambo yao wenyewe. Kwenye ripoti zao za kung'aa walikuwa wameandika kwamba kampuni mama inasimamia mazingira kwenye migodi yake yote, inaweka viwango, inafundisha, inafuatilia. Majaji wakasoma. Sasa mtu aliyejisifu kwa wawekezaji kwamba anasimamia kila kitu atageukaje mbele ya jaji aseme yeye ni mwenye hisa tu?

Kwa hiyo mzee, watu wakija na karatasi na vijisenti wakitaka mweke dole gumba, msiweke kabla wakili wenu hajaisoma, kuna karatasi zimeandikwa "tumeridhika hatutadai tena milele" kwa bei ya mbuzi wawili. Kila mto ukibadilika rangi mjukuu apige picha yenye tarehe, achukue maji kwenye chupa safi mbele ya mashahidi, apeleke maabara isiyo ya kampuni wala ya rafiki wa kampuni. Kadi za hospitali zisitupwe. Halafu huyohuyo mjukuu aingie kwenye tovuti ya kampuni mama, kuna ripoti ya mwaka ina picha ya watoto wanakunywa maji safi wanacheka, aipakue yote na ya miaka iliyopita pia, leo hii, maana hizo ripoti kesi ikianza huwa zinapotea mtandaoni.